Mama nguruwe anapokaribia kuzaa: maswali ya wafugaji wa Kibosho, Moshi

Nguruwe wangu alipandwa Machi 1. Nimtarajie lini?

Juni 23. Mimba hukaa siku 114, ambazo wazee huhesabu kama miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Akitangulia au akichelewa siku mbili, usihangaike.

Tangu asubuhi anakokota majani makavu ya mgomba, anafukua sakafu, halali. Kapagawa?

Anatandika. Homoni iliyoshikilia mimba, projesteroni, imeshuka, na prolaktini, homoni ya maziwa, imepanda, ndiyo inayomtuma. Hali hii huanza siku moja hivi kabla ya kuzaa. Hata aliye kwenye saruji tupu atafukua, ila atasumbuka zaidi na uzazi unaweza kuchukua muda mrefu. Basi mwongezee majani, kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, hayanunuliwi.

Uke utakuwa umevimba na kuwa mwekundu siku kadhaa kabla, na nyonga zimelegea. Minya chuchu: maziwa yakiruka bila shida, usiku huo usilale.

Kazaa jana. Anahema haraka, joto 39.5. Nimchome antibayotiki?

Anakula? Kiwele ni laini? Basi weka sindano chini. Joto la nguruwe jike hupanda kidogo wakati wa kuzaa na siku za mwanzo za kunyonyesha, na hilo si ugonjwa. Mpe maji mengi. Likipita 40, akagoma kula, kiwele kikawa kigumu na watoto wanalia njaa, hapo mwite daktari wa mifugo upesi.

Jirani ana oksitosini. Nimchome ili amalize haraka?

Swali hili ndilo linaloniumiza kichwa, maana chupa hiyo huzunguka mabandani kama chumvi ya kuazimana. Mwili wake unatengeneza oksitosini yenyewe. Ndiyo inayobana mfuko wa uzazi na kushusha maziwa. Sasa fikiria mtoto amekaa vibaya njiani, nawe unaongeza nguvu ya kusukuma. Mfuko unaweza kupasuka, na walio nyuma hukosa hewa kwa sababu kitovu kinabanwa.

Kwa kawaida hupita dakika 15 hadi 20 kati ya mtoto na mwenzake, mara nyingine zaidi. Akisukuma saa nzima bila kutoa kitu, piga simu kwa daktari, si kwa jirani. Kelele, watoto wa shule wanaochungulia na mbwa pia huchelewesha uzazi, kwa kuwa hofu huzuia homoni hiyohiyo, oksitosini.

Nikishawaona wote wametoka, nikalale?

Bado. Subiri kondo la nyuma. Kwa kawaida hutoka ndani ya saa nne. Na hakikisha kila mtoto amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Kinga ya mama nguruwe haipiti tumboni kwenda kwa watoto, wanaipata kwenye dang'a tu, na baada ya siku moja hivi utumbo wao hauipokei tena. Kwa baridi ya Kibosho mwezi Juni, yule mdogo anayetetemeka pembeni mfute, mpashe joto, kisha mweke kwenye chuchu za mbele.