Akina Atieno watatu kwenye benchi moja: maswali na majibu kuhusu makosa ya dawa

Mimi ni muuguzi, kazi yangu iko hapa Kisumu. Maswali haya nimeulizwa na wagonjwa na jamaa zao, mengi kwa kunong'onezwa mlangoni, mtu akiwa ameshapewa bahasha yake na anaondoka. Makosa mengi ya dawa niliyoyaona hayakuletwa na mtu asiyejua kazi. Yalitokea pale neno lilipotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na kila mmoja akadhani wameelewana.

Kosa la dawa ni lipi hasa? Si ni kosa la daktari?

Ni dawa kumfikia asiye mwenyewe, au kwa kipimo kisichofaa, au wakati usiofaa, au kwa njia isiyofaa, kama dawa ya kunywa kudungwa kwa sindano. Linaweza kuanza kwa aliyeandika, kwa aliyetoa dawa dirishani, kwangu mimi wodini, au jikoni kwako. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza kwa nusu, katika miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika. Sisi wa hospitali ndio wenye jukumu kubwa. Lakini anayeishika dawa mwisho, kabla haijaingia mwilini, mara nyingi ni wewe.

Mbona mnaniuliza jina kila mara, na kadi yangu mnayo mkononi?

Kwa sababu ukiita "Atieno" kwenye benchi la dawa hapa kwetu, wanasimama watatu. Kwa Wajaluo, Atieno ni aliyezaliwa usiku, Achieng ni wa jua, Akoth ni wa mvua. Kwa Waluhya nako Wafula na Nafula hawahesabiki, maana mvua inanyesha kila mwaka. Majina yetu ni mazuri, yana habari ndani yake, lakini jina moja halitoshi kumtambulisha mgonjwa.

Nikiwa bado mgeni kazini, kwenye wodi iliyojaa, niliita jina la mwanamke mmoja. Wa kitanda cha pili akaitika, "Ee." Nilikuwa nimeshavuta insulini. Aliyeitika alikuwa na homa, usingizi mzito na jina lile lile, ila hakuwa na ugonjwa wa sukari. Insulini ile ingeweza kumshusha sukari mpaka apoteze fahamu. Aliyemwokoa ni dada yake, aliyekaa miguuni pa kitanda, akasema, "Sista, huyu hana sukari." Mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni.

Tangu siku hiyo siulizi "Wewe ni Atieno?" Mgonjwa aliyechoka huitikia lolote. Nauliza, "Unaitwa nani?" Nawe usiitike tu. Taja majina yako yote matatu na tarehe ya kuzaliwa. Kama una mapacha, ongeza nambari ya kadi ya kila mmoja: Apiyo na Adongo wana baba mmoja, tarehe moja na simu moja ya mama, lakini huenda mmoja ana kilo 9 na mwenzake 12, na dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito.

Bahasha yangu imeandikwa 2x3. Ndugu yangu anasema ni tembe tatu mara mbili. Nani yuko sawa?

Kwa kawaida aliyeandika alikusudia tembe mbili, mara tatu kwa siku. Lakini nimekutana na aliyesoma tatu mara mbili, na mwingine aliyesoma mbili kwa siku, kwa siku tatu tu. Huyo wa mwisho alimeza theluthi ya dawa ya siku, akaacha mapema. Simlaumu. Alama ile tuliizoea sisi, na tungeandika maneno kamili yasingetuchukua hata dakika. Kabla hujaondoka dirishani, sema kwa kinywa chako: "Kwa hiyo nameza mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku, mpaka ziishe?" Ukikosea, utasahihishwa papo hapo.

Hata "kutwa mara tatu" ina mtego wake. Wengi huzimeza zote kati ya macheo na machweo, usiku mzima ukabaki bila dawa. Kama ni antibayotiki ya kila baada ya muda wa saa nane, mwili unahitaji isipungue usiku pia.

Na hapo kwenye saa ndipo Kiswahili chetu hutuponza zaidi. Chukua dawa ya malaria, AL, ambayo karibu kila nyumba ukanda huu wa ziwa imewahi kuitumia. Ina dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa baada ya muda wa saa nane tangu ya kwanza. Mama anasikia "saa nane", anampa mtoto saa nane mchana. Kama ya kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi, amempa kabla ya wakati. Iliyo sawa ni hii: ya kwanza saa mbili asubuhi, ya pili saa kumi jioni, kisha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kesho na kesho kutwa. Ukitega kengele ya simu, kumbuka simu huita saa mbili "8:00".

Kwa tembe za kawaida za AL, mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 humeza moja kila dozi. Chini ya 25, mbili. Chini ya 35, tatu. Kuanzia kilo 35, nne. Mpe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au omena wa kukaanga, maana hapo ndipo mwili huipokea vizuri. Akiitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha urudi kituoni upewe za kujazia. Na tafadhali, mtoto akianza kucheza siku ya pili, zilizobaki si za kumwekea jirani.

Dawa ya maji ya mtoto nipime kwa kijiko gani?

Si cha jikoni. Vijiko vya chai havilingani, na cha mezani hubeba kama mililita 15, mara tatu ya zile 5 zinazokusudiwa. Tumia kikombe kilichokuja na chupa, au omba bomba la sindano lisilo na sindano. Soma pia nguvu ya dawa. Kuna parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, na nyingine yenye 250. Ni kipimo kile kile kwa jicho, lakini dawa ni zaidi ya maradufu. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, kwa hiyo usimpe zote mbili bila kuuliza.

Nikisahau dozi, nimeze mbili kwa pamoja?

Hapana. Meza uliyosahau ukikumbuka. Kama ya pili imekaribia, endelea na hiyo peke yake. Kwa insulini na dawa za kifafa, piga simu kliniki kwanza.

Natumia ARV na sitaki watu wa kemisti wajue. Nikinunua dawa nyingine ninyamaze?

Swali hili niliulizwa na mama mmoja kwa sauti ya chini sana, na ninamheshimu kwa kuuliza. Usinyamaze, ila chagua mahali. Mwombe mfamasia mzungumze pembeni, au mpe karatasi yenye majina ya dawa zako. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU na UKIMWI inakataza mtu kutangaza hali yako bila idhini yako.

Ukificha, hatari ni hii. Dolutegravir, iliyo katika ARV za wengi sasa, hunyang'anywa nguvu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu. Imeze muda wa saa mbili kabla yake au muda wa saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu wanavyopewa wajawazito huizuia vilevile, ila hivyo unaweza kuvimeza nayo ukiwa unakula. Ukianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, dolutegravir huhitaji kuongezwa, kwa kawaida mara mbili kwa siku, na kipandikizi au vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kushindwa kazi. Wanaokutibu TB lazima wajue.

Najua pia wapo wanaohamishia tembe kwenye karatasi ya nailoni ili kopo lisipige kelele. Ukilazimika, weka dawa moja kwa kila mfuko, na jina lake ndani.

Mgonjwa wangu amelazwa. Nikimuuliza nesi kuhusu dawa, si ataona ninamdharau?

Wapo watakaokunja uso, sitakudanganya. Jaribu hivi: "Samahani sista, nisaidie nielewe. Jana ilikuwa tembe nyeupe, leo ni ya manjano. Ni ya nini?" Mkumbushe pia kama mgonjwa wako aliwahi kudhurika na dawa, kwa mfano Septrin ikamchubua ngozi. Msubiri tu amalize kumpimia mgonjwa mwingine, kwa sababu kumkatiza muuguzi anapohesabu dawa huzaa makosa. Yule dada aliyekaa miguuni pa kitanda hakunidharau. Ningejua anakoishi, ningekwenda kumshukuru tena.

Mtoto amekunywa chupa nzima ya Panadol, lakini anacheza vizuri. Ningoje?

Usingoje. Panadol ni parasetamoli, nayo ikizidi huweza kuharibu ini kimyakimya, na mtoto akaonekana mzima siku nzima ya kwanza. Dawa ya kuikinga ini ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kabla muda wa saa nane haujapita tangu alipoinywa. Usimtapishe. Panda bodaboda, nenda hospitali kubwa iliyo karibu, uwaambie alikunywa saa ngapi. Chupa ibebe, hata kama ni tupu.