Bukta ya pedi ni nini, na ya safari ndefu huchaguliwaje

Bukta ya pedi ni kaptura ya kubana ya kuendeshea baiskeli. Kwa ndani, pale mwili unapokutana na siti, imeshonewa kipande cha sponji kilichovishwa kitambaa laini, nacho ndicho pedi yenyewe. Huvaliwa juu ya ngozi tupu, bila nguo ya ndani. Ndizo zile bukta nyeusi, ndefu hadi juu kidogo ya goti, wanazovaa waendesha baiskeli wanaopita Tengeru, nje ya mji wa Arusha, asubuhi na mapema wakielekea Usa River.

Ukiuliza pedi inafanya kazi gani, wengi watakujibu kwamba inalainisha siti. Jibu hilo linawapoteza watu dukani. Anayeliamini huchukua pedi nene kuliko zote, huifinya kwa vidole, huridhika, kisha akifika Boma Ng'ombe, njiani kuelekea Moshi, hawezi tena kukaa. Pedi ipo kwanza kwa ajili ya ngozi, pili kwa ajili ya mifupa. Ulaini unakuja nyuma ya hayo, na ukizidi unadhuru.

Ukitazama zilikotoka, utaona ni kwa nini. Kabla ya vitambaa vya kunyumbuka, bukta za mbio za baiskeli huko Ulaya zilifumwa kwa sufu, na ndani zikashonewa kipande cha ngozi nyembamba ya mnyama iliyolainishwa. Sponji haikuwepo. Ngozi ile iliwekwa ili sufu na mishono visikwaruze mapaja kwa saa nyingi. Ikifuliwa ilikauka na kukakamaa, kwa hiyo waendeshaji waliipaka krimu kabla ya kuivaa, na desturi ya krimu ya baiskeli imetokana na hilo. Mwaka 1958 mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, alitengeneza uzi wa elastane, ambao wengi wanaujua kwa jina la laikra. Kuanzia miaka ya 1970 bukta za baiskeli zikaanza kushonwa kwa kitambaa hicho, baadaye ngozi ya mnyama ikaachia nafasi vitambaa vya kiwandani, na sponji ikaja kuongezwa chini yake. Rangi nyeusi ilibaki, kwa sababu inaficha madoa ya siti na grisi ya mnyororo.

Chukua safari ya Arusha hadi Moshi, kilomita 80 hivi. Mtu akizungusha pedeli mara 80 kwa dakika, kwa saa moja ni mizunguko 4,800, na kwa saa tatu na nusu ni 16,800. Katika kila mzunguko paja linapita ubavuni mwa siti. Mshono mmoja uliosimama, ambao sokoni usingeuhisi kabisa, hapo unachubua ngozi. Jasho likiingia, na vumbi la pembeni mwa barabara likaongezeka, mchubuko unageuka kidonda, na kidonda kikiingia vijidudu unapata jipu mahali pabaya kuliko pote.

Upande wa mifupa, mambo yako hivi. Chini ya nyonga kuna mifupa miwili, mmoja kila upande, ambayo ndiyo tunayoikalia. Kaa kwenye kigoda kigumu, pitisha viganja chini ya makalio, utaigusa. Mifupa hiyo inaweza kubeba uzito wa mwili kwa muda mrefu. Kati yake kuna msamba, na humo hupita mishipa ya damu na ya fahamu inayohudumia sehemu za siri. Msamba hauwezi kubeba uzito. Ukibanwa, ganzi inaingia. Ganzi si jambo la kuvumilia hadi ufike. Ni dalili kwamba uzito uko mahali pasipostahili. Simama juu ya pedeli damu ipite, na ukirudi nyumbani tafuta chanzo. Ikiwa haiishi hata baada ya kupumzika, muone daktari bila kuona haya.

Hapa ndipo unene unapodanganya. Sponji nyepesi, hata iwe nene namna gani, inafanya kama godoro la bei rahisi: jioni ya kwanza ni raha, baadaye unagusa chaga. Mifupa inazama hadi chini, na sponji iliyosukumwa pembeni inapanda katikati na kuubana msamba, yaani sehemu ileile iliyotakiwa kulindwa. Kwa hiyo cha kuangalia ni msongamano wa sponji kuliko unene wake. Msongamano hupimwa kwa kilo kwa mita ya ujazo, na watengenezaji wazuri huuandika. Pedi za safari fupi huwa na kilo kama 40 hadi 60. Za kukaa saa nyingi huwa na kilo 80 hadi 120 chini ya mifupa, halafu nyepesi na nyembamba kuelekea pembeni na mbele, ili mapaja yapate nafasi. Pedi nzuri haina unene mmoja kote. Ukiikuta imekatwa kutoka kipande kimoja cha sponji, unene uleule kutoka mbele hadi nyuma, iache.

Kama lebo haisemi chochote, tumia kidole gumba. Bonyeza pale mifupa itakapokaa. Sponji ya safari ndefu hukataa kidogo, na ukiachia inarudi papo hapo. Inayobonyea hadi vidole vikakutana ni ya kuzunguka mtaani. Zipo pia pedi za jeli. Binafsi sizipendekezi kwa safari ndefu huku kwetu: jeli haipitishi hewa, ni nzito, na joto la kutoka uwanja wa ndege wa KIA kuelekea Moshi ikifika saa tano linatosha bila kuongezewa jingine.

Mkao una uzito mkubwa katika uchaguzi, na watu wengi hawaufikirii. Anayeendesha baiskeli ya Phoenix akiwa ameketi wima, na ndizi nyuma, uzito wake unaangukia nyuma kabisa ya makalio. Anayeendesha baiskeli ya mbio ameinama, nyonga imeviringika kuelekea mbele, na sehemu anayoikalia imesogea pamoja nayo. Pedi ya mkao wa wima ina sponji kubwa nyuma na kidogo sana mbele. Ya kuinama inaendelea zaidi mbele, na mara nyingi ina mfereji katikati wa kuupunguzia msamba shinikizo. Ukivaa ya kwanza kwenye baiskeli ya mbio, utakuwa unakalia ukingo wa sponji, na ukingo unakata.

Wanaume na wanawake nao hawavai pedi moja. Mifupa ya kukalia ya wanawake kwa kawaida imeachana zaidi, na umbo la mbele ni tofauti, kwa hiyo pedi yao huwa pana nyuma na fupi mbele. Dada anayeazima bukta ya kaka yake atapata mkunjo wa sponji mahali ambapo hana cha kuujaza. Siku za hedhi, taulo ya kike juu ya pedi huhama na kuchubua, ndiyo sababu waendeshaji wengi wa kike hupendelea kikombe cha hedhi kwa safari ndefu.

Bukta ijaribiwe ukiwa umeinama. Ukisimama wima mbele ya kioo, iliyo sahihi itakuonyesha mkunjo tumboni na utahisi kama inakuvuta nyuma. Usiikatae kwa hilo. Inama kama umeshika usukani, na kama duka lina baiskeli omba kuikalia: mkunjo uishe, pedi ishikamane na mwili kama ngozi ya pili, na ukizungusha miguu isihame. Pedi inayohama ni mbaya kuliko kukosa pedi, maana inakuwa ndiyo inayokusugua. Makosa ya kawaida ni kuchukua saizi kubwa ukitafuta nafasi. Ukiwa kati ya saizi mbili, chukua ndogo, mradi haizuii pumzi wala haiachi alama nyekundu mapajani. Kisha igeuze ndani nje na upitishe kidole kwenye mishono. Inatakiwa ilale bapa, na isiwepo hata mmoja unaokatiza chini ya mifupa.

Kuhusu zile zenye kanda za mabegani, naziunga mkono kwa nguvu zote kwa safari inayozidi saa mbili. Kanda hushika pedi mahali pake na kukuondolea mpira wa kiunoni, ambao ukiinama muda mrefu unaminya tumbo. Tatizo lake ni chooni, hasa kwa wanawake, ingawa zipo zenye klipu ya kufungua nyuma.

Wapo wanaoiacha baiskeli nyumbani kwa sababu ya kubana kwa nguo hii. Kupita stendi ukiwa na laikra si jambo jepesi kwa kila mtu, na heshima ya mavazi ni kitu cha kweli katika miji yetu. Hakuna haja ya kuchagua kati ya heshima na ngozi yako. Vaa kaptura pana au suruali nyepesi ya michezo juu ya bukta ya pedi. Zipo pia bukta nyepesi zilizotengenezwa mahususi kuvaliwa chini ya nguo nyingine. Anayevaa hijabu anaweza kuongeza fulana ndefu ya kitambaa kinachokauka upesi. Angalia tu nguo ya juu isifike mnyororoni, na mshono wake mnene usikae kati ya pedi na siti.

Mitumba je? Soko la Memorial pale Moshi unaweza kukuta bukta nzuri kuliko mpya za dukani, lakini pedi ni kitu kinachochakaa kabla ya kitambaa. Fanya jaribio la kidole gumba. Kisha nyoosha kitambaa cha makalio kwenye mwanga: ukiona viganja vyako vizuri upande wa pili, imekwisha. Sponji iliyopasuka ndani utaihisi kama punje. Na kwa kuwa nguo hii imekaa juu ya ngozi ya mtu mwingine, ifue vizuri zaidi ya mara moja kabla ya kuivaa. Usiichemshe, moto unaua elastane.

Nguo ya ndani nimeshaitaja, ila nairudia kwa kuwa ndilo kosa linaloharibu bukta nzuri kuliko yote. Chupi ya pamba inashika jasho, ina mishono, na inajikunja. Ukiivaa chini ya pedi umerudisha kila kitu ambacho pedi iliwekwa kukiondoa.

Krimu hupakwa kwenye ngozi inayosuguka, na kidogo kwenye kitambaa cha pedi. Wengi hutumia mafuta ya mgando kwa sababu yanapatikana kila duka. Yanapunguza msuguano kweli, lakini hayatoki kirahisi kwenye kufua, na pedi iliyojaa mafuta haipitishi tena jasho. Krimu inayoyeyuka kwa maji ni bora. Epuka yenye mentoli.

Hata bukta bora haiwezi kurekebisha siti mbaya. Siti ikiwa juu mno, nyonga inayumba kushoto na kulia kutafuta pedeli, na hapo ngozi itachubuka hata uvae nini. Siti pana na laini sana nayo inazamisha mifupa vilevile kama sponji nyepesi. Kujua upana wako, weka kipande cha boksi juu ya kigoda kigumu, kikalie ukiwa umeinama kidogo, na upime umbali kati ya vitovu vya mabonyeo mawili yaliyobaki. Kwa wengi ni kati ya sentimita 10 na 15. Siti iwe pana kuzidi kipimo hicho, ili mifupa ikae juu yake kamili na isiangukie kwenye kingo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kuelekea Moshi makalio huchoka kuliko kurudi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 900. Ukikanyaga kwa nguvu, miguu inabeba sehemu ya uzito wako. Ukiteremka bila kukanyaga, uzito wote unashukia siti. Kwa hiyo usiteremke umekaa tuli. Kila tuta, na barabara ile inayo mengi, liwe nafasi ya kunyanyuka. Pasipo na matuta, simama juu ya pedeli kila dakika 10 au 15 kwa sekunde chache.

Ukifika, vua. Usikae kwenye mtori na mishikaki saa nzima ukiwa na pedi iliyolowa, kwa maana vijidudu hustawi kwenye joto na unyevu huo. Beba kanga au kikoi cha kubadilishia, jifute kwa maji, vaa kitu kikavu. Bukta ifuliwe siku hiyohiyo kwa maji ya baridi au vuguvugu na sabuni laini, bila dawa ya kulainishia nguo, ambayo huziba nyuzi zisipitishe jasho. Ianikwe kivulini ikiwa imegeuzwa, pedi ikitazama nje, hadi ikauke kabisa. Wakati wa masika pedi nene inaweza kuchukua zaidi ya siku, kwa hiyo anayeendesha Jumamosi na Jumapili anahitaji bukta mbili. Ni bora mbili za wastani zinazovaliwa kavu kuliko moja ya bei kubwa inayovaliwa mbichi.

Pedi huisha hata kama kitambaa bado kinang'aa. Ukiona maumivu yamerudi kwenye safari uliyokuwa ukiimaliza vizuri, na siti hujaigusa, bonyeza sponji pale mifupa inapokaa. Ikichelewa kurudi, bukta hiyo imebakiwa na safari fupi za mjini tu.