Facebook haikuwa ya kwanza

Ukikaa kijiweni Mwanjelwa, hapa Mbeya, hutakosa mtu wa kukuambia mitandao ya kijamii ilianza na Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook. Siyo. Facebook ilikuja 2004. Mitandao mingine ya kijamii ilishatangulia: Friendster ilikuwepo tangu 2002, na SixDegrees ilifunguliwa 1997.

Na hao nao walitanguliwa. Mwaka 1973, huko Berkeley, Marekani, mashine ya kuchapia iliwekwa kwenye duka la santuri, ikaunganishwa kwa laini ya simu na kompyuta iliyokuwa San Francisco. Mpita njia anaandika tangazo lake, mathalani anatafuta mpiga gitaa, mwingine analisoma na kujibu. Intaneti ya kila mtu ilikuwa bado kabisa! Facebook iliwapita wote kwa ukubwa, basi.