Kutoa nguzo ya besimenti: yanayosemwa na hali ilivyo

Nyumba nyingi za Marekani na Kanada zina besimenti, yaani chumba kizima kilichochimbwa chini ya nyumba. Katikati yake hupita boriti ndefu inayobeba sakafu ya juu, kutoka ukuta hadi ukuta, nayo hushikwa na nguzo moja au zaidi. Anayetaka kupata sebule ya pili au chumba cha kupangisha huiona nguzo ni kero tupu. Hapo ndipo kila mtu anapogeuka fundi.

"Ni nguzo moja tu, kuta zitashika."

Tuseme nguzo ilisimama katikati, mita 2.5 kila upande. Ukiitoa, boriti inavuka mita 5 peke yake. Wengi hudhani kazi imekuwa mara mbili. Sivyo. Nguvu inayopinda boriti hukua kwa mraba wa urefu, kwa hiyo ni mara 4. Kubonyea kwake hukua haraka zaidi: mara 16. Na kama boriti ilikuwa kipande kimoja kilichopita juu ya nguzo bila kukatwa, kubonyea hufika karibu mara 38, maana awali kila upande ulikuwa ukiuzuia mwenzake. Kanuni za ujenzi za Marekani kwa kawaida haziruhusu mzigo wa watu na vyombo kuibonyeza sakafu zaidi ya 1/360 ya urefu huo. Kwa mita 5, hiyo ni kama milimita 14.

Hapo nimechukulia boriti ni nzima. Nyingi za mbao zimeundwa kwa mbao tatu au nne zilizopigwa misumari pamoja, na viungo vyake viliwekwa makusudi juu ya nguzo. Ukitoa nguzo, kiungo kinaning'inia hewani.

"Ongeza ubao ubavuni, funga bolti, kwisha."

Hata ukiongeza boriti nzima ya pili inayofanana na ya kwanza, uwezo unakuwa mara mbili tu, wakati hesabu inadai 4 na 16. Kinachosaidia hasa ni kimo: boriti yenye kimo mara mbili ina nguvu mara 4 na ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kubonyea, mara 8. Lakini kimo hula nafasi ya kichwa, na dari za besimenti ni fupi tayari. Ndiyo maana watu huishia kwenye chuma, ambacho ukakamavu wake ni takriban mara 20 ya mbao za kujengea.

Mpangilio wa kazi ndio unaopuuzwa zaidi. Bamba la chuma likifungwa kwenye boriti iliyokwisha kubonyea, linasaidia mzigo utakaokuja baadaye tu. Ule wa zamani bado uko juu ya mbao. Kwanza sakafu ipigiwe mirunda au jeki pande zote mbili za boriti, mzigo uinuliwe, chuma kifungwe, kisha nguzo itolewe. Jeki nayo ipandishwe kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Ukiharakisha, lipu ya juu inapasuka na milango inagoma kufunga.

"Tuliitoa, na mpaka leo nyumba imesimama."

Mbao iliyobeba mzigo huendelea kubonyea polepole kwa miaka. Na nyumba tupu si nyumba yenye wageni sitini wa harusi.

"Sakafu ya besimenti ni zege, itabeba chochote."

Zege hilo mara nyingi lina unene wa sentimita 10 hivi. Nguzo ya kweli husimama juu ya msingi wake wenyewe, chini ya sakafu. Nguzo ikitolewa, kila ncha ya boriti hubeba mara mbili au zaidi ya ilivyobeba awali, kwa hiyo mahali inapoegemea ukutani, na msingi ulio chini yake, navyo vikaguliwe.

Kwa wenye maghorofa ya zege Dar es Salaam au Nairobi, hali ni mbaya zaidi. Juu ya nguzo, boriti ya zege huvutwa upande wa juu, hivyo nondo nyingi hulazwa juu. Za chini mara nyingi huungiwa papo hapo. Toa nguzo, na mvuto unahamia chini, penye nondo haba. Zege lenyewe halihimili kuvutwa, na mpangilio wa nondo hauonekani kwa macho. Huko mhandisi anahitaji michoro ya awali au kifaa cha kupima nondo kabla mtu hajashika nyundo.