Jumuiya ya kijiografia ni kitu gani hasa?

Ukitajiwa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, huenda ukamwona Mzungu mwenye darubini na mstari wa wapagazi nyuma yake. Huyo ni msafiri, siyo jumuiya. Jumuiya ni chama cha kitaaluma: wanachama hulipa ada, huweka maktaba na hazina ya ramani, hukutana kumsikiliza aliyetoka safari, humbana kwa maswali, kisha taarifa yake huchapwa kwenye jarida. Paris walianza mwaka 1821, Berlin 1828, London 1830. Cairo nao wakapata yao mwaka 1875.

Kisa kimoja cha huku kwetu kinaonyesha kazi hiyo vizuri zaidi. Wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokaa pwani, walikusanya habari za wafanyabiashara wa misafara ya bara, wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa la ajabu, umbo lake kama konokono asiye na gamba. Ilipofika London mwaka 1856 ilizua mabishano. Jumuiya ikatafuta fedha, serikali ikachangia, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke wakatumwa kwenda kutazama.

Walianzia Unguja, wakafuata njia ambayo misafara ilikuwa ikipita siku zote, hadi Kaze, yaani Tabora ya leo. Hapo wafanyabiashara Waarabu waliwaeleza kwamba maziwa ni zaidi ya moja. Februari 1858 wakafika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Agosti mwaka huohuo Speke, bila Burton, akaliona Ziwa Nyanza, yaani Victoria, upande wa Mwanza.

Alipimaje kimo cha ziwa? Kwa kuchemsha maji! Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na kadiri unavyopanda ndivyo yanavyochemka mapema. Nyanza iko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tofauti ya nyuzi nne inaonekana ndogo, lakini ubishi wa kama mto Nile unaanzia ziwa hilo uliitegemea, maana ziwa lililo chini haliwezi kumwaga maji kwenye mto ulio juu yake. Ndiyo sababu jumuiya ilihangaika na vipimajoto, dira na saa, na kuwachapishia wasafiri mwongozo wa vipimo. Hadithi tamu ya safari haikutosha, walitaka namba.

Neno "kugundua" nalo lieleweke hivyo. Wasukuma na Wakerewe walikuwa wakivua Nyanza tangu enzi za mababu zao. Kilichokuwa kipya ni ziwa hilo kuingia kwenye daftari la London. Na daftari hilo lilikuwa na upendeleo wake. Burton na Speke walipata nishani za dhahabu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, kisha akawa kiongozi na mkalimani ambaye safari zile zisingekwenda bila yeye, alipewa ya fedha, na baadaye pensheni. Angalau jina lake liliandikwa. Wapagazi wengi hata hilo hawakulipata.

Wanawake je? Kati ya 1892 na 1893 waliingizwa uanachama 22, wakubwa wakagombana, mlango ukafungwa hadi 1913.

Siku hizi kazi ni tulivu zaidi: ruzuku za utafiti, mihadhara, msaada kwa walimu wa jiografia, utunzaji wa ramani za kale. Katika miaka ya 1990 jumuiya hiyo ilishiriki utafiti wa mimea na wanyama wa Mkomazi, kaskazini mwa Tanzania, uliodumu miaka kadhaa. Mwaka 2009 baadhi ya wanachama walidai irudie kuandaa misafara mikubwa yake yenyewe. Ikapigwa kura, wakashindwa.