Maumivu ya mtoto mgonjwa: anachokijua muuguzi na anachokiamini

Kutathmini maumivu ni kumuuliza mgonjwa, kumtazama, kuandika anaumia kiasi gani, kumpa dawa inayolingana na hali yake, kisha kurudi kuona kama imemsaidia. Kwa mtu mzima kazi hii huanza na swali. Kwa mtoto wa miezi minane hakuna jibu litakalotoka mdomoni mwake, kwa hiyo mengi hutegemea elimu na msimamo wa muuguzi aliye zamu. Elimu ni kujua, kwa mfano, kwamba parasetamoli hupimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Msimamo ni kile anachoamini moyoni anaposikia kilio. Nesi anaweza kuijua dozi vizuri kabisa na bado akasema, "Huyu anadeka tu," na dawa ikabaki kabatini.

Imani hizi zina historia. Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi walishikilia kwamba neva za kichanga hazijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu. Mwaka 1985 huko Marekani, mtoto njiti aitwaye Jeffrey Lawson alipasuliwa kifua akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli tu, bila dawa ya kuzuia maumivu. Mama yake, Jill, alipobaini hakunyamaza. Mwaka 1987 watafiti Anand na Hickey walichapisha ushahidi kwamba hata kichanga anahisi maumivu, na kwamba mwili wake huyapokea kwa mshtuko mkubwa.

Mabaki ya fikra hizo bado yako wodini. Inayonisumbua zaidi ni hii: "Ametulia, kwa hiyo haumwi." Mtazame mtoto aliyeungua maji ya moto mapajani. Hageuki, halii kwa sauti, macho yanafuata kila anayekaribia kitanda. Ametulia kwa sababu kila akijisogeza anaumia. Mwenye seli mundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa, naye anaweza kucheza mchezo kwenye simu huku mifupa inamkereketa. Mchezo ndio unaomsahaulisha kidogo.

Ndiyo maana vikabuniwa vipimo. Cha FLACC, kilichochapishwa 1997, hutumika kwa mtoto asiyeweza kujieleza. Muuguzi hutazama mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama mtoto anabembelezeka. Kila jambo hupata 0 hadi 2, jumla 10. Mkubwa kidogo huonyeshwa picha za nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia, achague ya kwake. Akichagua inayolia, aaminiwe.

Halafu kuna hofu ya mofini, dawa kali ya maumivu. Wengi huogopa kwamba mtoto atakuwa teja. Akipewa kwa maumivu makali, kwa dozi sahihi na kwa muda unaohitajika, hatari hiyo ni ndogo. La kuchunga kwa makini ni upumuaji wake. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliiacha kodini, dawa nyingine ya maumivu, katika mwongozo wake wa maumivu ya watoto, kwa kuwa miili hutofautiana mno katika kuigeuza kuwa mofini: mmoja haimsaidii, mwingine inamzidi. Likabakiza ngazi mbili: parasetamoli au ibuprofeni kwa maumivu madogo, mofini kwa ya kati na makali.

Mengine hayahitaji hata stoo ya dawa. Kichanga anyonye wakati anachomwa sindano, au adondoshewe maji ya sukari ulimini dakika mbili kabla. Mama asiambiwe atoke nje wakati kanula, mrija mdogo wa mshipani, inawekwa, ampakate. Tena yeye ndiye wa kuulizwa, "Huwa analia hivi akiwa na njaa?" kwa sababu anakijua kilio cha mwanawe, na jibu lake linastahili kuandikwa kwenye faili pamoja na joto la mwili na mapigo ya moyo.