Imetisha au Imeboa? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Muvi Kubwa za Mapigano na Sehemu Zake za Pili

Muvi kubwa ya mapigano ikitangazwa kwamba inarudi, iwe sehemu ya pili au ya saba, ubishi huanza kabla haijafika. Mmoja atasema haiwezi kuifikia ile ya kwanza, mwingine atataja mabilioni iliyoingiza, wa tatu atatoa simu kuonyesha asilimia ya wahakiki walioipenda. Nimefuatilia muvi hizi tangu enzi za mikanda ya VHS, na hoja nyingi tunazozitumia kuzihukumu hazina mashiko. Inaniuma, kwa sababu kazi nzuri zinapuuzwa na kazi mbovu zinasifiwa kwa mambo ambayo hata hayamo ndani ya muvi.

Mimi nina maswali mawili tu. Je, sehemu mpya imetimiza kile ambacho ile ya kwanza ilituahidi? Na je, ugomvi wenyewe una uzito, kiasi kwamba najua nani anapigana na nani, wako wapi, na stelingi atapoteza nini akishindwa? Sasa tuzitazame dhana zenyewe.

"Sehemu ya pili haiwezi kuifikia ya kwanza"

Dhana hii haikuzuka hewani. Studio hupenda kurudia kilichouza, na zipo sehemu za pili nyingi zilizotengenezwa haraka haraka ili jina lisipoe. Lakini kuifanya kanuni ni kosa, hasa kwa muvi za mapigano.

Chukua The Terminator ya mwaka 1984, iliyotengenezwa kwa dola milioni 6 na ushee. James Cameron aliporudi mwaka 1991 na Terminator 2: Judgment Day, alikuwa na takriban dola milioni 100 mkononi. Muvi ikaingiza zaidi ya dola milioni 500 na kuchukua Oscar nne. Fedha ziliongezeka, ni kweli, lakini Cameron hakuzitumia kurudia hadithi ileile. Arnold Schwarzenegger aliyekuwa muuaji akawa mlinzi. Sarah Connor, yule mhudumu wa mgahawa aliyekuwa akikimbia kuokoa roho yake, sasa ni mwanamke aliyekomaa kwa mazoezi na hofu, na amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu hakuna anayemwamini. Usiku anaotoroka, mlango wa lifti unafunguka na Schwarzenegger anatoka. Sarah anateleza, anaanguka, anajisukuma kurudi nyuma sakafuni huku akipiga mayowe. Mtazamaji anajua kwamba huyu amekuja kumwokoa, lakini yeye anaiona sura iliyomwandama miaka ile. Tukio hilo lisingewezekana kwenye sehemu ya kwanza. Lina nguvu kwa sababu kuna kitu kilitangulia.

John Wick ni mfano mwingine mzuri. Ya kwanza, mwaka 2014, iliingiza takriban dola milioni 86. Ya pili, mwaka 2017, ikapita milioni 170. Ya tatu, mwaka 2019, ikapita milioni 320, na ya nne, mwaka 2023, ikapita milioni 430. Kila moja iliipita iliyotangulia. Mwongozaji wake, Chad Stahelski, ndiye aliyekuwa akimwakilisha Keanu Reeves kwenye matukio ya hatari katika The Matrix, kwa hiyo anajua mwili wa mwigizaji huyo unaweza nini, na anaiweka kamera mbali kidogo ili tuone mtupo mzima wa judo badala ya vipande vipande vya mikono na viwiko. Tena ni mtu wa kutimiza ahadi. Katika sehemu ya kwanza tunasimuliwa tu kwamba John Wick aliwahi kuua watu watatu baa kwa kutumia penseli. Hatuonyeshwi. Miaka mitatu baadaye, katika sehemu ya pili, amezingirwa na wauaji jijini New York, anaishika penseli, na simulizi lile linakuwa kitu tunachokiona kwa macho. Watu waliruka vitini, kwa sababu walikuwa wanakidai.

Na wala si lazima iwe ya pili. Mfululizo wa Fast & Furious uliporomoka kimapato kwenye sehemu ya tatu mwaka 2006, kisha ya tano, mwaka 2011, ikaacha mashindano ya magari ya mitaani na kugeukia wizi mkubwa jijini Rio, ikaingiza zaidi ya dola milioni 600. Mission: Impossible ilifika kilele cha mapato yake kwenye sehemu ya sita, mwaka 2018. Anayesema mambo huharibika kadiri namba inavyoongezeka hana la kusema hapo.

"Imeingiza hela nyingi, basi ni kali, haikuingiza, basi ni mbovu"

Kwanza, hesabu yenyewe tunaikosea. Ukisikia muvi imeingiza dola milioni 400, hizo si za studio. Kumbi za sinema hubaki na karibu nusu, na kiwango kinatofautiana kwa nchi. China, studio ya kigeni hupata takriban robo tu. Halafu gharama za matangazo haziko ndani ya ile bajeti inayotajwa. Ndiyo maana wanaofuatilia biashara hii husema muvi inahitaji kuingiza mara mbili hadi mbili na nusu ya bajeti yake ndipo ianze kurudisha fedha. Muvi iliyoingiza milioni 400 inaweza kuwa imetajirisha watu, na nyingine yenye mapato yaleyale ikawa imeacha deni.

Pili, mapato yanapima mambo mengi yasiyohusu ubora. Mwezi Julai 2023 sehemu ya saba ya Mission: Impossible, Dead Reckoning, ilitoka ikiwa na sifa nyingi kutoka kwa wahakiki. Siku tisa tu baadaye, tarehe 21, Barbie na Oppenheimer zikaingia kwa pamoja, na Oppenheimer ikazichukua skrini za IMAX, zile kubwa kuliko za kawaida. Mission: Impossible iliishia karibu dola milioni 570, chini ya ile ya sita, ilhali bajeti yake ilikaribia milioni 300. Ndani ya muvi hakuna hata fremu moja iliyobadilika katika siku hizo. Zilizobadilika ni kumbi.

Upande wa pili, Transformers ya mwaka 2009 iliingiza zaidi ya dola milioni 830, na wahakiki wengi waliiponda. Mad Max: Fury Road, iliyotoka mwaka 2015, iliingiza chini ya nusu ya hizo na ikachukua Oscar sita. Mimi ningeirudia Fury Road kesho.

Kuna pia wale wanaoiita Black Panther: Wakanda Forever anguko kwa kuwa ile ya mwaka 2018 ilipita dola bilioni 1.3 nayo, mwaka 2022, ikaishia zaidi kidogo ya milioni 850. Hukumu hiyo naiona ya kikatili. Chadwick Boseman, aliyeigiza Black Panther mwenyewe, alifariki Agosti 2020, hadithi ikalazimika kuandikwa upya kuuzunguka msiba, na waigizaji, akiwemo Lupita Nyong'o wetu, walikuwa wakiigiza maombolezo huku wakiwa na majonzi yao ya kweli.

"Ina asilimia 90, maana yake imepata 90 kwa 100"

Hapana. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ni idadi ya wahakiki walioipenda, haisemi waliipenda kiasi gani. Wahakiki kumi wakisema "siyo mbaya, inatazamika", muvi inapata asilimia 100. Wengine kumi wakigawanyika, sita wakaiita kazi bora ya mwaka na wanne wakaichukia, inapata 60. Ukiiamini namba peke yake, utaichagua ile ya kwanza, na pengine utasinzia katikati.

Kingine ni CinemaScore, kampuni ya utafiti ambayo tangu mwaka 1979 huwauliza watazamaji wa Marekani wanapotoka ukumbini siku za mwanzo. Hiyo inapima kama watu walipata walichokifuata. Alama ya juu hapo ni dalili kwamba matangazo na muvi vilikuwa vinazungumza lugha moja. Ni taarifa muhimu, ila wanaowahi siku ya kwanza ni wale waliokuwa tayari mashabiki.

"Muvi za siku hizi zimeharibiwa na kompyuta, kali ni ile iliyofanya kila kitu kweli"

Hapa ndipo ubishi unapokuwa mkali, na ndipo pana uongo mwingi zaidi. Fury Road husifiwa kwamba kila kitu ni halisi. Magari yalikuwa halisi kweli, yalikimbizwa kwenye jangwa la Namibia, na watu waliobembea juu ya milingoti walibembea kweli. Lakini muvi hiyo ina takriban picha 2,000 zilizopita kwenye kompyuta: ile dhoruba ya mchanga, rangi ya anga, mkono wa Furiosa, stelingi wa kike, uliofutwa. Hali ni hiyohiyo kwa Top Gun: Maverick ya mwaka 2022. Waigizaji walipanda kweli ndege za kivita za F/A-18, wakakaa nyuma huku marubani wa jeshi la majini wakiendesha, na mashavu unayoyaona yakivutwa yalivutwa kweli. Ila ile ndege ya F-14 inayoruka mwishoni ni kazi ya kompyuta, maana Marekani iliziondoa ndege hizo kazini mwaka 2006.

Kwa nini basi hatuoni kasoro? Kwa Fury Road, jibu liko mezani kwa Margaret Sixel, aliyeihariri. Muvi ina mikato takriban 2,700, yaani mara ambazo picha moja inakatwa na kuingia nyingine, ndani ya saa mbili, mwendo wa kuumiza kichwa. Lakini mwongozaji George Miller na wenzake walihakikisha kitu cha kutazamwa kipo katikati ya fremu karibu kila mara, kwa hiyo picha ikikatwa jicho halihangaiki kutafuta. Sixel hakuwa amewahi kuhariri muvi ya mapigano kabla ya hapo, na alitoka na Oscar.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani. Katika Terminator 2, yule adui wa chuma kioevu anapita katikati ya nondo za geti pale hospitalini. Uso unagawanyika, mwili unazizunguka nondo na kujiunga upande wa pili. Ni kompyuta, katika muvi ambayo picha za kompyuta za adui huyo hazizidi dakika chache. Kisha bastola aliyoishika inagonga nondo na kukwama, kwa kuwa bastola ni chuma cha kawaida. Anageuza kiganja, anaichomoa, anaendelea. Aliyefikiria hiyo bastola alielewa kitu ambacho bajeti hainunui: jicho linaamini jambo lisilowezekana pale linapoona sheria za kawaida bado zinafanya kazi pembeni yake. Kompyuta inakera pale ambapo vitu havina uzito, mtu anarushwa ghorofa tatu na kuinuka akijikung'uta. Hilo ni kosa la mtunzi na mwongozaji kabla ya kuwa la mashine.

"Trela imeshaonyesha kila kitu" na "stelingi ndiye aliyeiharibu"

Haya mawili nayapitia haraka. Trela mara nyingi hukatwa muvi ikiwa haijakamilika. Trela za Rogue One, mwaka 2016, zilikuwa na picha kadhaa ambazo hazimo kabisa kwenye muvi. Na hata ikifichua siri, muvi imara haivunjiki. Terminator 2 imejengwa kwa kutuficha nani mlinzi na nani muuaji mpaka ile korido ya madukani, ambako bunduki inatoka kwenye boksi la maua ya waridi. Matangazo yalikuwa yameshalisema hilo. Watu walijaa hata hivyo.

Kuhusu stelingi, mtazame Daniel Craig, aliyeigiza James Bond. Quantum of Solace ya mwaka 2008 iliandaliwa wakati waandishi wa Hollywood wamegoma, na Craig alieleza baadaye kwamba yeye na mwongozaji walilazimika kujiandikia baadhi ya matukio. Ikatoka nyepesi. Miaka minne baadaye, mtu yuleyule akacheza Skyfall, ikawa ya kwanza ya James Bond kuvuka dola bilioni moja.

"Muvi ya mapigano haihitaji hadithi, ngumi zinatosha"

Nikiisikia hii Afrika Mashariki nashangaa, kwa sababu vibanda umiza vyetu vinaikanusha kila siku. Wasimulizi kama Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya walipendwa kwa kuwa walitupa hadithi. Ngumi zilikuwapo kwenye mkanda tayari, hazikuhitaji tafsiri. Msimulizi alitueleza huyu anapigwa kwa nini, alimsaliti nani, na yule aliyefariki mwanzoni alikuwa nani kwa stelingi. Ukiingia umechelewa, swali la kwanza kwa jirani huwa "imekuwaje?" wala huulizi wameshapigana mara ngapi.

Wahindi wamelielewa hili vizuri. Baahubali ya S.S. Rajamouli, mwaka 2015, ina vita vikubwa vyenye maelfu ya askari, lakini inamalizika kwa Kattappa, mtumwa mwaminifu aliyeapa kukitii kiti cha enzi, kukiri kwamba yeye ndiye aliyemuua Baahubali. Ikakatwa hapo. India nzima ikakaa karibu miaka miwili ikiuliza: kwa nini Kattappa alimuua Baahubali? Sehemu ya pili ilipotoka Aprili 2017 iliingiza zaidi ya mara mbili ya ya kwanza. Rajamouli hakulijibu swali kwa dakika tano za maelezo ili awahi vitani. Alitumia sehemu kubwa ya muvi kutuonyesha mapenzi ya Baahubali na Devasena, wivu wa binamu yake Bhallaladeva, na namna malkia Sivagami alivyodanganywa hadi akatoa amri. Upanga unapoingia tunajua kila mtu pale anapoteza nini, Kattappa akiwemo.